Vipimo vyote safi, mwili wote unauma: niache dawa au tuuze kiwanja?

BARUA

Shikamoo mama. Naomba usitaje jina langu wala shule ninayofundisha maana Tukuyu ni padogo, watu tunajuana. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 37, nina mume na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita na mdogo ana miaka minne.

Huu ni mwaka wa tatu mwili wangu unauma. Nikisema unauma sijui hata nielezeje, sio goti wala mgongo tu, ni kote, leo mabega na shingo, kesho mapaja na viganja, kuna siku mtoto akinikumbatia nasikia kama kanishika penye jipu. Nalala saa tatu usiku naamka saa kumi na moja nimechoka kuliko nilivyolala, utadhani nilikesha nabeba mikungu ya ndizi. Na kusahau pia, juzi naandika ubaoni darasa la nne nikasimama katikati ya sentensi, sijui nilikuwa naandika nini, watoto wananiangalia tu. Ikifika Juni na Julai na ile baridi yetu na ukungu ndo kabisaa, hata chaki naishika kwa shida.

Nimetibiwa taifodi mara nne, yutiai sihesabu, malaria, minyoo, nikaambiwa baridi yabisi wakapima wakasema haipo. Eksirei ya mgongo safi, damu safi, mkojo safi. Kuna daktari mmoja, hospitali siitaji, aliangalia majibu akasema mwalimu wewe huna ugonjwa punguza mawazo, halafu akaita anayefuata. Nililia kutoka pale mpaka stendi.

Kinachonisaidia ni sindano. Kuna duka la dawa wananichoma diklofenaki, nikichomwa napata siku mbili nzuri, nafua, nalima, napika kila kitu, ya tatu narudi palepale tena pabaya zaidi. Sasa hivi tumbo nalo limeanza kuwaka moto. Jirani alinipa tramado alizobakiza baada ya kufanyiwa operesheni, nikameza kama mbili tatu hivi, kichwa kikazunguka nikaogopa, zilizobaki ninazo.

Mwezi wa pili mwaka huu nikapanda gari mpaka Mbeya mjini, nikakutana na daktari mama mtu mzima, huyo ndo wa kwanza kunisikiliza. Alinibonyeza mwili mzima, akauliza usingizi, choo, hedhi, nyumbani kukoje, kazini kukoje, mwishoni akasema hii inaitwa faibromayaljia, viungo havijaharibika ila ubongo na mishipa ya fahamu vinayapokea maumivu kwa ukali kupita kiasi. Akaniandikia amitriptilini nusu kidonge cha miligramu 25 kila usiku, nirudi baada ya mwezi. Mama nilifurahi, angalau kitu kina jina.

Nafika dukani kuchukua dawa, yule binti anasoma cheti anasema kwa sauti na watu wamejaa, "hii si ile ya wagonjwa wa akili?" Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nimezificha kwenye kopo la maharage jikoni, chini kabisa. Baba watoto nimemdanganya ni dawa za misuli. Nameza nikiwa napanda kitandani, wiki tatu za mwanzo usingizi kidogo ulikuja lakini asubuhi mdomo mkavu, kichwa kizito kama nimetoka kukesha msibani, kipindi cha kwanza nafundisha nusu nimelala. Maumivu yapo vilevile. Nikaacha wiki, nikaanza, nikaacha tena, sasa hata sielewi kama natumia au situmii, na tarehe ya kurudi ilishapita nikaona aibu kwenda.

Huku nyumbani mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, kuna mtu hakupenda tulivyojenga, twende kwa mtaalamu. Kanisani wameniombea siku saba, na kiongozi mmoja akasema ukiendelea na vidonge ni imani haba. Mwalimu mkuu anasema natega kazi. Baba watoto yeye sio muongeaji, ila wiki iliyopita kaniambia anataka tuuze kiwanja chetu cha Uyole twende Dar kwenye mashine kubwa wakautafute ugonjwa wenyewe ni upi. Kile kiwanja tulinunua kwa mkopo wangu wa kazini, ndo akiba ya watoto. Alivyokuwa anasema machozi yanamlenga, na mi nashindwa kumwambia ugonjwa una jina tayari na dawa yake imelala kwenye maharage.

Kuna usiku nawaza bora nisiamke tu wote wapumzike. Niache hizi dawa? Nimwambie ukweli? Tuuze kiwanja?

Mwalimu, Rungwe

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Miaka mitatu unasimama mbele ya darasa na mwili wa namna hiyo halafu unaambiwa unatega, hiyo peke yake inatosha kumchosha mtu.

Naomba nianzie mwisho wa barua yako, pale uliposema bora usiamke. Umelipitisha haraka ukakimbilia kiwanja ila mi siwezi kulipita. Nakuuliza kama ningekuwa nimekaa na wewe jikoni: ni uchovu unasema, au kuna usiku umefikiria namna ya kufanya? Kama ni hilo la pili, hata mara moja tu, usilale nalo peke yako, mwamshe baba watoto usiku huohuo mwende hospitali yoyote iliyo karibu, na daktari mwambie kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Na kama ni uchovu bado daktari wako anatakiwa ajue, maana maumivu ya muda mrefu na huzuni hulala kitanda kimoja, na kuitibu huzuni hakumaanishi maumivu ulikuwa unayabuni.

Na lile kopo, tafadhali, litoke leo. Amitriptilini kwa nusu kidonge ni dawa ya kawaida lakini ikimezwa nyingi kwa mkupuo inavuruga mapigo ya moyo, inaua, na una mtoto wa miaka minne ambaye siku moja atachezea yale maharage. Ziwekwe juu mahali penye kufuli. Ingekuwa bora zaidi ufunguo ukae kwa mtu mwingine, na unaona mwenyewe mtu huyo ni nani, ila hilo la baba watoto nitalifikia.

Sasa, umeniuliza mambo matatu lakini kila nikirudia barua naona kuna kitu kinayashika yote, nacho ni kwamba na wewe mwenyewe bado huna uhakika kama unaumwa. Yule daktari wa "punguza mawazo" alikuacha na wazo kwamba kipimo kikiwa safi basi ugonjwa haupo. Hebu tuliangalie. Kipimo cha damu kinatafuta wadudu, kinatafuta uvimbe wa ndani, eksirei inaangalia mfupa. Faibromayaljia haina kipimo cha damu popote duniani, hata huko kwenye mashine kubwa. Daktari anaijua kwa kumsikiliza mgonjwa: maumivu ya sehemu nyingi za mwili yaliyodumu miezi mitatu au zaidi, usingizi usioburudisha, uchovu, kusahausahau, huku magonjwa mengine yanayofanana nayo yakiangaliwa. Zamani, kwa vigezo vya mwaka 1990, walikuwa wanabonyeza sehemu 18 na ukiumia kwenye 11 ndo unahesabiwa, mwaka 2010 vikaja vigezo vipya vinavyotazama zaidi maelezo ya mgonjwa. Kwa hiyo yule mama aliyekubonyeza na kukuuliza mpaka habari za usingizi hakuwa anabahatisha, hicho ndicho kipimo chenyewe.

Mi huwa naifikiria kama mbwa wa mlinzi aliyezoea kubweka. Mwizi hayupo, ni jani tu limeanguka, lakini kelele unazisikia kweli na usingizi umekukatika kweli. Mtu akikwambia hakuna mwizi hajakosea, ila akisema hakuna kelele huyo hajakusikiliza.

Hapohapo kuna kitu hukukitaja. Je, ulishapimwa homoni za tezi ya shingo? Wekundu wa damu je, sukari? Tezi ikifanya kazi polepole inaleta uchovu, maumivu ya misuli, kusikia baridi na kusahau, na sisi wa nyanda za juu wazee wetu waliota rovu sana kabla chumvi ya madini joto haijaenea, kwa hiyo sio swali geni huku. Inawezekana yule mama alishapima na hukuona umuhimu wa kuniandikia. Muulize. Sikupeleki kwenye mzunguko mwingine wa vipimo, ni vichache tu vya kujiridhisha halafu tunatulia.

Tuje kwenye dawa iliyokutia aibu. Yule binti wa dukani alikosea, na alikosea zaidi kusema mbele za watu, siri ya mgonjwa ni siri hata pale dukani. Ni kweli amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, na kwa sonona watu hutumia kuanzia miligramu 75 na kuendelea mpaka 150. Wewe nusu kidonge ni miligramu 12 na nusu. Kwa kiasi hicho kidogo wanaitumia kutuliza mishipa ya fahamu na kushusha usingizi mzito, kidonge hichohicho wanapewa watu wa kipandauso na watu wa kisukari wenye miguu inayowaka moto. Lakini mwanangu, tuseme ingekuwa ya sonona kweli, umeumwa miaka mitatu bila kuaminiwa, ungekuwa umekosa nini? Sikulazimishi ujibu, ila najiuliza kama aibu unayoibeba ni ya dawa au ni ya lile neno la yule binti.

Unasema imekuletea kichwa kizito na maumivu hayajapungua. Mi si daktari, nakwambia ninayoyajua ili ukayaulize vizuri. Uzito wa asubuhi unategemea sana saa ya kumeza, na wewe unameza ukiwa unapanda kitandani. Wengi wanashauriwa kuimeza mapema, saa moja au mbili kabla ya kulala, yaani wewe unayelala saa tatu ungemeza kama saa moja jioni, na huo uzito mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Kwa upande wa maumivu inachukua wiki kadhaa kabla hujaweza kusema inasaidia au haisaidii. Sasa ukiacha na kuanza, kuacha na kuanza, kila mara unayalipia yale mabaya ya mwanzo na unaondoka kabla ya kuonja mazuri. Inawezekana pia haikufai kabisa, kuna watu wengi tu hawapati nafuu nayo, na hakuna dawa inayoifuta faibromayaljia moja kwa moja, anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Zipo nyingine kama duloksetini na pregabalini, hii pregabalini ndo ya kwanza kuruhusiwa kwa ugonjwa huu kule Marekani mwaka 2007, nayo ina yake, kizunguzungu, kuongezeka uzito, kuvimba miguu, na kama mna mpango wa mtoto wa tatu lazima daktari ajue kabla. Kuiacha amitriptilini ni haki yako. Ila kuna kuiacha kwa sababu umeijaribu sawasawa na daktari akaona haifai, akakuelekeza namna ya kuipunguza, na kuna kuiacha kwa sababu ya sauti ya dukani. Hayo mawili hayafanani.

Ile sindano ndiyo inaniogopesha kuliko hicho kidonge unachokificha. Diklofenaki inafanya kazi penye uvimbe na kwenye faibromayaljia hakuna uvimbe wa kutuliza, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 kuhusu maumivu sugu ya namna hii unawaambia madaktari wasianzishe dawa za jamii hiyo. Wakati huohuo inachimba tumbo, inaumiza figo, inapandisha presha. Huo moto wa tumbo mweleze daktari mapema, na ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu usisubiri kesho. Tramado za jirani mrudishie au zipeleke hospitali, zikikutana na amitriptilini zinaweza kukuletea degedege, na hapo hujaongelea kuzizoea.

Utasema mama, lakini sindano inanipa siku mbili. Naamini. Ila angalia unavyozitumia hizo siku mbili, unafua za wiki nzima, unashika jembe, unapika kila kitu, halafu ya tatu unaanguka. Sasa sindano ndo imeisha nguvu au ni wewe umejimaliza? Mwaka 2017 wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo walipitia kila kinachotumika kwa faibromayaljia, na kitu pekee walichokipendekeza kwa nguvu zote ni mazoezi, sio dawa yoyote. Najua utanijibu, mazoezi gani tena wakati nalima na natembea mpaka shule? Kulima kwa hasira ya kufidia siku ulizolala sio mazoezi, mwili wako unauchukulia kama shambulio. Wanachosema wao ni kidogo kisichokatika, dakika kumi za kutembea kila jioni kwa mwendo uleule, siku mbaya upunguze ila usiache, na siku nzuri, hii ndo ngumu kwa sisi wanawake wa huku, usiongeze. Nguo za Jumamosi ukazigawa nusu Jumatano. Matuta sita yakawa mawili leo mawili kesho. Darasani ukaomba stuli. Mtoto wa darasa la sita anaweza kushika ufagio na sufuria vizuri tu, na baba watoto naye ana mikono.

Mwalimu mkuu hahitaji kujua unameza nini. Muombe daktari barua fupi inayosema una tatizo la kiafya la muda mrefu na unahitaji kazi nyepesi kwa kipindi fulani, basi. Wengine wakiona karatasi wanalainika, wengine hawalainiki, lakini neno "anategea" litakuwa na kitu cha kupambana nacho.

Mama mkwe na kanisa sitaki upigane nao, huna nguvu ya kupoteza. Mama mkwe anatafuta sababu kwa njia anayoijua, anakuhangaikia. Ukienda kwa mtaalamu hatari ninayoiona ni pesa, na miti usiyoijua kukutana tumboni na dawa za hospitali, tumbo lenyewe lishachubuka. Maombi endelea nayo kama yanakupa nguvu. Ila hilo la imani haba, Luka aliyeandika Injili Biblia inamwita tabibu mpendwa, na sijasoma popote kwamba Paulo alimwambia atupe dawa zake.

Kiwanja. Hapa sitakuamulia, kiwanja ni chenu wawili na jasho lake mnalijua nyie. Nakuwekea tu ninavyoona. Mkienda Dar inawezekana mkapata daktari mzuri, na baba watoto akatulia kwa kumsikia bingwa kwa masikio yake, kutulia kwake nako kuna thamani. Inawezekana pia mkasafiri kilometa karibu 900, mkapimwa yote tena, yote yakawa safi tena, mkarudi na jina lilelile na dawa ileile na Uyole hakuna kitu. Na hata mkipata bingwa huko, ugonjwa huu unatunzwa mwezi hadi mwezi, dozi inapandishwa kidogo au inashushwa, tumbo linaangaliwa, usingizi unaulizwa, hiyo ni kazi ya daktari mmoja unayemfikia kwa nauli ya kwenda na kurudi siku moja, anayekujua jina. Umekuwa ukionwa na mtu mpya kila ukienda, kila mmoja anaanza na taifodi. Yule mama wa Mbeya mjini ungemuomba awe ndo daktari wako, ukawa na daftari moja linalobeba vipimo vyote na dawa zote, hata zile za dukani. Kabla ya Dar kuna pia hospitali ya rufaa ya kanda hapohapo Mbeya, ina madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na kama una bima ya kazini huendi kuuza kitu. Wakiona kuna haja ya Dar watakupa rufaa kwa maandishi, na hapo mazungumzo ya kiwanja yatakuwa mengine.

Nimemuacha baba watoto mwisho kwa sababu nadhani ndo jambo zito kuliko yote. Unaogopa akijua atakuona kichaa. Pengine. Unamfahamu wewe. Lakini mwanaume niliyemsoma kwenye barua yako ni mtu anayeuza ardhi huku machozi yanamlenga kwa sababu hajui mke wake anaumwa nini, na jibu liko jikoni kwake. Kumwambia kuna hatari zake, anaweza kuumia kwamba ulimficha, anaweza kumpelekea mama yake habari kabla hamjakubaliana. Kutomwambia nako kuna hatari, kiwanja kitauzwa kutafuta kitu kilichokwisha kupatikana, na siku akija kujua itakuwa vibaya zaidi. Kama mdomo unakuwa mzito kuna njia ya katikati, mwambie tu "nisindikize kwa daktari Mbeya, kuna mambo nataka uyasikie kwake," mkae wote wawili mbele ya yule mama, umwombe aeleze tangu mwanzo, faibromayaljia ni nini na hiki kidonge kinafanya nini. Kuna maneno mume anayapokea vizuri yakitoka kwa mtu wa koti jeupe. Halafu mkiwa njiani mnarudi, pale mnapopanda kuelekea Kiwira na ukungu unaanza, umwambie na lile la usiku unaotamani usiamke. Hilo asilisikie kwa daktari, alisikie kwako.

Tarehe ya kliniki kupita sio kosa la kuonea aibu, wanapitisha wengi. Nenda na dawa zako, na daftari, na hayo maswali. Ukirudi niandikie, nataka kujua alisemaje kuhusu tezi na tumbo, na unalalaje ukimeza saa moja. Ndaga mwanangu, na pole na baridi.